Zawadi ya mama na ile 'asilimia 20' ya watoto yatima

Mimi mzima, ila mfuko ndio mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe nimejitakia, kwa kidole gumba changu hiki hiki ambacho mchana kutwa kinapanda na kushuka kwenye kioo cha simu.

Wiki hii tuzungumzie zawadi. Siyo zile za mapenzi, maana hizo tumezizungumza mpaka baadhi yenu mkaniletea ujumbe kwamba nawaharibia ndoa. Nazungumzia zawadi za kununua mtandaoni, hasa zile ambazo muuzaji anakuambia ukinunua, sehemu ya hela yako inakwenda kwa wasiojiweza. Unapata zawadi, unapata thawabu, na eti unaokoa na fedha kwa sababu kuna punguzo. Vitu vitatu kwa bei ya kimoja! Nani hataki?

Na mimi nilitaka. Ndiyo maana leo nina cha kusimulia.

MAMA ANATIMIZA SITINI

Mwaka jana mwezi Desemba mama yangu mzazi alitimiza miaka 60. Mama si mtu wa makuu. Ukimpigia simu kumuuliza umletee nini kutoka Dar, jibu ni lile lile: "Njoo wewe mwenyewe, inatosha." Lakini si mnajua tena, kijana wa mjini ukirudi nyumbani mikono mitupu, hata kuku wa bandani wanakucheka.

Kuna jambo moja kuhusu mama ambalo sijawahi kuliandika katika safu hii. Mama alilelewa na masista. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado hajaota meno ya pili, akapelekwa kituo cha misheni, akakulia pale mpaka alipoolewa. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno "yatima" halikuwa neno la kwenye mabango ya michango. Lilikuwa ni mama. Tulipokuwa wadogo, tukibakiza ugali kwenye sahani, alikuwa hagombi. Anaiangalia tu ile sahani, halafu anatuangalia sisi. Mnamaliza wenyewe bila kuambiwa.

Sasa basi, nipo zangu kwenye daladala la Mwenge kwenda Posta, foleni imeganda pale Morocco, konda anapiga kelele, mimi napekua Instagram. Mara paap! Picha ya sanduku zuri la mbao, limefungwa utepe mwekundu. Ndani vitenge viwili vimekunjwa vizuri, sabuni za kunukia, mshumaa na kadi. Bei 110,000 imekatwa mstari, pembeni imeandikwa 85,000. Na chini yake maneno yaliyonimaliza kabisa: "Asilimia 20 ya kila sanduku inakwenda kwa watoto yatima." Ikafuata picha ya watoto kama kumi hivi, wanacheka, wameinua mikono juu.

Nikapiga hesabu hapo hapo. Nimeokoa 25,000. Watoto wamepata 17,000. Mama kapata sanduku, na nikimwambia habari ya wale watoto, machozi ya furaha yatamtoka. Jamani, mimi ni mtoto mwema kiasi gani!

Nikaandika: "Habari, bado lipo?" Jibu likaja kabla sijapepesa macho: "Lipo mpendwa, yamebaki mawili tu." Ndugu zangu, neno hilo "yamebaki mawili tu" limewaliza watu wengi mjini kuliko mapenzi. Sikutaka hata kufikiri. Nikatuma 85,000, nikaongeza ya kutolea, nikaongeza na 8,000 ya kuniletea mzigo. Kabla ya kuingiza namba ya siri, simu ikanionyesha jina la anayepokea. Halikuwa jina la duka, lilikuwa jina la mtu wa kawaida tu. Nikajisemea, labda ndiye mhasibu wao.

Mhasibu!

BOKSI LA VIATU

Niliambiwa siku tatu. Zikawa kumi na moja. Kila nikiuliza naambiwa "mzigo uko njiani mpendwa". Njia gani hiyo, ya kutokea Kigoma kwa mguu? Ulipofika, lile sanduku la mbao lilikuwa limegeuka boksi la viatu lililozungushiwa karatasi ya maua. Vitenge viwili vimekuwa kimoja, tena chepesi, ukikinyanyua unamwona jirani upande wa pili. Sabuni ilikuwa ile ile ninayonunua dukani kwa Mangi. Mshumaa umevunjika katikati. Kadi ipo, ila imeandikwa jina la mama wa mtu mwingine.

Safari ilikuwa kesho yake alfajiri. Muda wa kugombana sikuwa nao, na kusema ukweli hata mshiko wa kununua kitu kingine ulikuwa umekwisha. Nikachana ile kadi, nikalibeba boksi langu hivyo hivyo.

SWALI LA MAMA

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akapiga kigelegele kifupi, akakitandika kile kitenge mapajani na kukipapasa kama hariri. Wala hakusema neno baya. Mimi nikaona aibu, na katika kuifunika aibu nikajikuta nazungumza kwa majivuno: "Na tena mama, ukinunua pale, asilimia 20 wanapewa watoto yatima."

Mama akanyanyua uso. "Watoto wa wapi?"

"Wa Dar."

"Kituo gani?"

Nikawa sijui.

"Na hizo hela walizipata?"

Hapo napo nikawa sijui. Mama akakikunja kitenge taratibu, akakiweka pembeni.

"Mwanangu," akaniambia, "sisi tulipokuwa kule walikuwa wanakuja wageni na kamera. Tunavalishwa nguo nzuri, tunapangwa mstari, tunapigwa picha. Wakishaondoka, Sista anazikusanya zile nguo anazirudisha kabatini. Wapo wageni walioleta vitu, na sabuni yao nakumbuka harufu yake mpaka leo. Na wapo waliochukua picha tu wakaenda zao. Sisi tulikuwa watoto lakini tulikuwa tunajua nani ni nani. Wewe ukirudi Dar, nenda kaulize."

Sherehe ikaendelea, tukala pilau, watu wakacheza. Lakini lile "nenda kaulize" lilinikaa kooni kama mwiba wa perege.

NIKAENDA KUULIZA

Nyuma ya wale watoto kwenye picha kulikuwa na kibao, nusu kinaonekana. Nikaikuza ile picha kwenye simu mpaka nikasoma jina la kituo na eneo lenyewe. Jumamosi moja ya Januari nikapanda daladala, nikashuka mwisho wa gari, nikachukua bodaboda, nikafika.

Mlezi wa kituo ni mama wa makamo. Nilimkuta amekunja mikono ya gauni anafua mashuka kwenye beseni kubwa. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha picha. Akacheka, ila si kicheko cha furaha.

"Hawa walikuja mwezi wa sita," akasema. "Walileta katoni mbili za juisi na biskuti. Wakaomba picha moja ya kumbukumbu. Tangu siku hiyo hatujawaona."

"Na ile asilimia 20?"

"Baba, hata asilimia moja ningeshukuru."

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii. Mmoja wa wale watoto wa kwenye picha yuko darasa la pili. Siku moja wenzake walimwona kwenye simu ya dereva wa bodaboda, pamoja na lile sanduku na bei yake. Tangu hapo shuleni wanamwita "mtoto wa sanduku". Alikaa siku mbili anakataa kwenda shule.

Nikamtafuta kwa macho pale uwanjani. Sikuuliza ni yupi. Nilijua tu kwamba mmoja wa walionunua lile sanduku ni mimi, na kwamba sura yake ndiyo iliyonifanya nitoe hela haraka bila kufikiri.

Nikamuuliza mlezi wanahitaji nini. Nilitegemea aseme vikaragosi na mipira. Akasema sabuni ya kufulia, taulo za kike kwa wasichana wakubwa, na mtu wa kusaidia kununua umeme. Hivyo tu. Siku hiyo nilikuwa na elfu kumi na nauli. Elfu kumi ikabaki pale.

Jioni nikawaandikia wale wenye duka nikiuliza kwa heshima zote fedha za watoto wanapeleka wapi. Waliusoma ujumbe. Dakika mbili baadaye nikawa siuoni tena ukurasa wao. Wamenizuia! Yaani mwizi ndiye anayemfungia mlango aliyeibiwa.

JAMBO LENYEWE SI BAYA

Sasa msije mkasema mimi nawapiga vita wote. Kununua zawadi huku unasaidia ni jambo zuri na lina historia yake. Mwaka 1949 binti mdogo wa Chekoslovakia, Jitka Samkova, mwenye umri wa miaka saba, alichora watoto wanacheza kuzunguka mlingoti wenye mapambo, akiwashukuru UNICEF waliokuwa wamekisaidia kijiji chao baada ya vita. Mchoro ule ukawa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF, na kadi za namna hiyo zikaja kuuzwa duniani kote kuchangia watoto.

Wewe mwenyewe unayejidai hujui habari hizi, ulipo hapo huenda umevaa nguo ya msaada. Uingereza, Oxfam walifungua duka mtaa wa Broad, mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940, watu wanaleta vitu vyao, vinauzwa, fedha zinakwenda kwenye misaada. Maduka ya aina hiyo sasa yamejaa Ulaya na Marekani, na nguo nyingi zinazokosa mnunuzi kule huuzwa kwa wafanyabiashara, zinafungwa marobota, zinapanda meli. Zinashukia wapi? Kamuulize jamaa yako wa Karume au Gikomba.

Kwenye intaneti nako wenzetu wamejaribu. Kampuni ya Amazon mwaka 2013 ilianzisha mpango ulioitwa AmazonSmile. Unanunua bei ile ile, wao wanatoa nusu ya asilimia moja kwa taasisi uliyoichagua. Nusu ya asilimia moja, mpenzi msomaji! Ukinunua zawadi ya dola 100, taasisi inapata senti 50. Tarehe 20 Februari 2023 wakaufunga mpango huo, wakasema taasisi zimezidi milioni moja, fedha zinatawanyika mno, na wastani kwa kila taasisi haufiki dola 230. Kwa upande mwingine, eBay wana utaratibu ambao muuzaji mwenyewe anasema atatoa kiasi gani, kuanzia asilimia 10 mpaka bei yote, na taasisi inayopokea inatajwa jina pale pale kwenye tangazo. Mnaona tofauti? Huyu jina lipo na kiasi kipo. Yule wangu alikuwa na picha tu.

HESABU AMBAYO HATUPIGI

Ukiona neno "asilimia", swali la kwanza ni hili: asilimia ya nini? Ya mauzo au ya faida? Chukua kitu cha 85,000. Kama ni asilimia 10 ya mauzo, ni 8,500. Lakini kama ni asilimia 10 ya faida, na faida yake ni 25,000, basi ni 2,500. Hiyo ni soda na andazi. Na hapo muuzaji ni mkweli, hakuibi.

Sasa tupige hesabu yangu mimi. Nilitoa 85,000 na 8,000 ya mzigo, jumla 93,000, ukiacha ile ya kutolea. Baadaye nilikwenda Kariakoo kwa hasira zangu nikauliza bei za vitu vile vile, tena vizuri zaidi. Kitenge cha maana 25,000. Sabuni za kunukia 6,000. Boksi zuri la zawadi 4,000. Kutuma kwa basi 5,000. Jumla 40,000. Tofauti ni 53,000. Ningechukua 30,000 katika hiyo nikampelekea yule mlezi mkononi, watoto wangepata karibu mara mbili ya ile 17,000 ya kwenye tangazo, mama angepata kitenge kisichoangaza, na mimi ningebakiwa na 23,000 za kutesea.

Ndiyo siri yenyewe, wala haihitaji digrii. Nunua kitu kwa bei ya chini kabisa unayoweza kuipata, halafu ile tofauti ipeleke wewe mwenyewe. Usimpe muuzaji kazi ya kuwa na huruma kwa niaba yako.

ZAWADI AMBAYO YENYEWE NDIYO MSAADA

Kuna njia nyingine ambayo mimi naiona bora zaidi: kununua kwa watu ambao kazi ya mikono yao ndiyo inayowalisha. Hapa huulizi asilimia, maana aliyeshona ndiye unayemsaidia.

Hapa Dar kuna Mabinti, kituo kilichoanza kama mradi wa CCBRT, ambapo akina mama waliotibiwa fistula wanafundishwa kushona, kuchapa vitambaa na kufanya biashara. Mifuko yao ukimpa demu wako hatakuuliza umenunua wapi kwa nia mbaya, atakuuliza ili aongeze mwingine. Wapo pia Wonder Workshop, ambako mafundi wenye ulemavu wanageuza vyuma na vitu vilivyotupwa kuwa sanamu na mapambo. Iringa kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi cha tembo, na kadi zake hazinuki! Arusha kuna Shanga, tangu 2007, mafundi wenye ulemavu wanayeyusha chupa kuukuu wanatoa glasi na shanga zinazong'aa.

Kwa ndugu zetu wa Nairobi, kuna Kazuri, iliyoanza mwaka 1975 na akina mama wawili wasio na waume, wanafinyanga shanga za udongo. Wapo na Ocean Sole, wanaookota kandambili zilizotupwa ufukweni wanachonga simba na twiga. Mtu unamnunulia mtoto twiga ambaye jana alikuwa kandambili ya mvuvi!

Bei zao wakati mwingine ziko juu kidogo kwa sababu wateja wao wengi ni watalii. Lakini vitu vidogo vipo: kadi, kishikio cha funguo, hereni, kipochi. Piga simu au waandikie kwanza, uliza bei na namna ya kutumiwa, usiende kichwa kichwa.

MBUZI WA MJOMBA

Kuna na zile zawadi za kutoa kwa jina la mtu mwingine. Mashirika ya nje yanazo sana: unalipia mbuzi, mbuzi anakwenda kwa familia maskini, na yule unayempa zawadi anapata kadi. Binamu yangu aliyeko Uingereza alimfanyia hivyo mjomba wetu wa Singida. Kadi ikafika na picha ya mbuzi, imeandikwa kwamba mbuzi amenunuliwa kwa heshima yake. Mjomba akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akatoka nje kuangalia barabarani. Kisha akanipigia simu: "Mwana, mbuzi mwenyewe anakuja na basi gani?"

Nilimweleza nusu saa. Akanyamaza, akasema: "Kwa hiyo mimi nimepewa picha?" Mpaka leo hamwiti binamu kwa jina, anamwita Mwenye Mbuzi. Funzo: zawadi ya namna hii mpe mtu anayeielewa, na kama ni mzee wa kwetu, iambatanishe na kitu cha kushika mkononi, hata kilo mbili za sukari.

KUBANA MATUMIZI BILA KULIZWA

Tangu Jumia wafunge shughuli zao hapa Bongo Novemba 2019, manunuzi yetu mengi ya mtandaoni yamekuwa ni ya Instagram na WhatsApp, mtu na mtu. Kwa hiyo akili ni yako. Mimi sasa hivi nafuata haya.

Kwanza, naandika bei mapema. Kitu ninachokitaka kwa ajili ya Desemba nakitazama bei tangu Septemba. Ikija ile Ijumaa ya Novemba wanayoiita Black Friday, najua nani kapunguza kweli na nani kapandisha wiki iliyopita ili aje kukata mstari. Ule mstari mwekundu hauna mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuuchora.

Pili, tunaagiza kwa kundi. Mimi na washikaji wawili tunachukua kwa muuzaji mmoja, tunaomba bei ya jumla, mzigo unakuja na bodaboda moja. Nauli ya kupeleka mzigo tunaigawa kwa tatu. Hapo tu umeshapata hela ya sabuni ya kituo.

Tatu, nalipa mzigo ukifika. Muuzaji akikataa katakata, nakwenda dukani kwake kwa miguu. Akisema hana duka, namtakia kila la heri. Nikilipa, natumia lipa namba yenye jina la biashara, na habari ya kuongeza ya kutolea inaishia hapo. Jina likitokea jingine, nafuta, hata kama yamebaki mawili tu. Hasa kama yamebaki mawili tu!

Nne, mtu akitaja watoto au wagonjwa, namuuliza mambo matatu: kituo gani, kiasi gani, na mara ya mwisho mlipeleka lini. Kisha nawapigia kituo chenyewe, siyo namba aliyonipa yeye. Mkweli hakasiriki. Vituo vya kulelea watoto vinatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inavijua. Ukitumiwa ujumbe wa kitapeli kwenye simu, namba yake ipeleke 15040. Ni bure, na inapunguza hasira.

Tano, na hili naomba mnisikilize. Ukienda kutoa msaada, simu iache mfukoni. Ukitaka ukumbusho, piga picha ya mifuko ya unga. Mifuko ya unga haisomi darasa la pili.

MWAKA HUU

Mama atatimiza 61. Zawadi yake ipo tayari kabatini: doti moja ya khanga niliyoichagua mwenyewe Kariakoo, maneno yake nimeyasoma mara tatu nisije nikampelekea mama khanga ya kumsuta mke mwenza. Pamoja na kadi moja ya karatasi ya tembo kutoka Iringa. Gharama zote haziifikii hata nusu ya lile boksi la viatu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tena kule kituoni. Nilibeba katoni ya sabuni ya kufulia na pakiti za taulo za kike, na luku ya elfu kumi nikawanunulia pale pale kwenye simu. Mlezi alinikumbuka. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, mmoja akanipasia, nikapiga chenga hewa, wakanicheka vizuri sana.

Usiku nikampigia mama.

"Mama, nilikwenda kule kwa wale watoto."

"Ulipeleka nini?"

"Sabuni."

Akanyamaza kidogo. "Ya kunukia?"

"Ya kufulia, mama. Ndiyo waliyoomba."

"Ulipiga picha?"

"Hapana."

"Haya," akasema. "Utakuja lini nikuwekee kuku?"

Basi mpenzi msomaji, hayo ndiyo yangu kwa leo. Wewe zawadi yako ya Krismasi umeshaiandikia bei, au unasubiri yabaki mawili? Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.